Mwalimu wa Wachezao Wameketi

Mwezi huu yafaa tumkumbuke mtu mmoja wa Marekani, jina lake Timothy Nugent, aliyezaliwa mwaka 1923 akafariki mwaka 2015.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wengi walirudi kwao miguu imepooza. Mwaka 1946 baadhi yao, wakiwa katika hospitali za askari huko Marekani, walianza kucheza mpira wa kikapu wakiketi katika viti vya magurudumu. Kikapu hakikushushwa hata kidogo: ki juu futi 10, sawasawa na cha wachezao wamesimama. Siku hizi mwenye mpira aweza kusukuma magurudumu mara mbili tu, kisha sharti audundishe, au ampe mwenziwe, au autupe kikapuni. Asiyejua hudhani ni mchezo wa kuhurumiana. Haya, na aketi kitini ajaribu.

Nugent, naye alikuwa askari katika vita vile, alianza mwaka 1948 kuwaongoza wanafunzi wa namna hii huko Galesburg, katika tawi la Chuo Kikuu cha Illinois lililowekwa katika majumba yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Akaunda timu, ikaitwa Gizz Kids, akawa mwalimu wao. Mwaka 1949 timu 6 zikakutana Galesburg kushindana, na hapo kikazaliwa chama cha mchezo huu cha nchi nzima. Nugent alikisimamia yapata miaka 25.

Lakini mwaka ule ule ikatoka amri tawi la Galesburg lifungwe. Wanafunzi waende wapi? Chuo chenyewe, huko Urbana na Champaign, kilijaa ngazi. Nugent hakwenda peke yake kuwaombea, bali alikwenda pamoja nao. Wakafika Springfield kwa wakuu wa jimbo. Wakafika na chuoni, wakalaza mbao juu ya ngazi, wakapanda watu wakiwatazama. Mwishowe wakapokewa, lakini kwa kujaribiwa tu.

Alikuwa mkali. Alitaka kila mtu ajisukume mwenyewe, na mtu asiyeweza kuishi pasipo msaidizi hakupata nafasi katika miaka ile ya kwanza. Hapo mimi naona alikosa, maana aliyehitaji mkono wa mwenziwe naye alitaka kusoma. Walakini wale aliowapokea hakuwaacha. Akawatafutia hata mabasi yenye vyombo vya kuinua viti.

Mwaka 1961 zikatoka kanuni za kwanza za Marekani za kujenga majumba ambayo mwenye kiti cha magurudumu aweza kuingia, na uchunguzi wake uliongozwa na Nugent. Mafundi wasomao somo hili na waandike kipimo hiki: kila futi 1 ya kupanda yataka futi 12 za mteremko. Mlango ulio juu futi 2, basi, wataka mteremko wa futi 24.