Somo Ninalolikimbia



Kidato cha sita nilisoma HGL. Historia niliipenda kweli. Jiografia niliikimbia, hasa kusoma ramani. Kila jioni nilimwomba Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, msimamizi wa wanaofanya mitihani, kisha nikitoka kanisani nafungua tena Historia. Sala ilikuwa maficho yangu, ndiyo ukweli.

Siku moja rafiki yangu bwenini akaniandikia hesabu. A inaanzia alama 80, pointi 1. B ni 70, pointi 2. C 60, pointi 3. D 50, pointi 4. E 40, pointi 5. S 35, pointi 6. Chini ya hapo ni F, pointi 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi, na pointi zikiwa chache ndiyo vizuri: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza. (GS haikuwamo.)

“Sasa angalia,” akasema. “C tatu ni 9, daraja la kwanza. B mbili na S ni 10, la pili. Huyo wa pili ni wewe.”

Iliniuma. Historia ikipanda kutoka 71 hadi 79, pointi ni ileile. Jiografia ikitoka 38 hadi 50, zinapungua 2.

Wewe unakimbia somo gani? Mtajie Mungu jina lake usiku huu, halafu lifungue hilohilo kwanza.

Mimi usiku ule sikuomba wani. Niliomba uvumilivu wa kukaa na ramani saa moja, nikakaa. Nusu saa ya kwanza nilipiga miayo tu.