Chungu Kilichookoa Ngege Wangu

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Leo nawapinga kidogo.

Nyumbani nilikuwa na ngege wanne katika tangi la kioo. Dume mkubwa aliwafukuza wenzake kutwa, akiwang'ata mapezi, hata mmoja akafa. Kumbe hawakuwa na pa kujificha! Mama akanipa chungu kilichovunjika ukingo. Nilipokilaza tangini, wanyonge waliingia mbio. Watatu hao wangali hai.

Je, wataka kujaribu? Hebu fuata hatua hizi:

1. Chagua chungu kilichochomwa vizuri, kisicho na rangi wala vanishi, ambacho hakijatiwa mafuta, mbolea wala dawa.
2. Kisugue kwa brashi na maji matupu. Sabuni huua samaki.
3. Kiloweke siku kadhaa, ukibadilisha maji.
4. Ncha kali zipige msasa, kisha ukilaze ubavu.

Udongo uliochomwa vizuri hauyeyuki majini. Tena, katika vitundu vyake hukaa bakteria wanaosaidia kupunguza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki.

Basi ndugu zangu, kabla ya kutupa chungu kibovu, mkumbuke samaki asiye na nyumba.