Ufahamu: Jiwe ni Letu, Ujuzi ni wa Nani?

Mtahiniwa, soma kifungu hiki mara mbili. Mara ya kwanza tafuta wazo kuu. Mara ya pili pigia mstari maneno magumu. Kisha jibu maswali kwa maneno yako mwenyewe.

Kabanga ipo Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Burundi. Ardhini kuna nikeli, shaba na kobalti, madini yanayotumika katika betri za magari ya umeme. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa kuyaendeleza kupitia kampuni ya Tembo Nickel, ambamo ina hisa asilimia 16.

Njia ya zamani ya kupata nikeli ni kuyeyusha makinikia, yaani mchanga wa madini uliokwisha kuchambuliwa, katika tanuri. Kwa kuwa yana salfa, moshi wake huchafua hewa. Mvumbuzi Keith Liddell, mwanzilishi wa kampuni ya Lifezone Metals, alibuni mchakato wa Kell. Humo makinikia huwekwa ndani ya mtambo wenye maji, oksijeni, joto na mgandamizo mkubwa, na metali huyeyukia majini badala ya kuchomwa. Teknolojia ya aina hiyo ndiyo iliyopangwa kwa nikeli ya Kabanga.

Mchakato wa Kell unalindwa kwa hataza. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili mwingine asitumie uvumbuzi wake bila idhini. Naye hulipa kwa kueleza hadharani namna unavyofanya kazi. Katika nchi nyingi ulinzi hauzidi miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Ukiisha, ujuzi ni wa wote. Aidha, hataza hulinda tu katika nchi ilikotolewa.

Sasa fikiria fundi wa Biharamulo aliyebuni mashine mpya ya kuchuja dhahabu bila zebaki. Akiionesha mnadani kabla ya kupeleka ombi BRELA, anaweza kupoteza sifa ya upya, na jirani akaiiga bila kosa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI
1. Eleza maana ya (a) hataza (b) makinikia. (alama 2)
2. Fundi wa Biharamulo afanye nini kwanza, na kwa nini? (alama 3)
3. "Jiwe ni letu, ujuzi ni wa nani?" Jadili kwa hoja mbili kutoka katika kifungu. (alama 4)
4. Fupisha aya ya tatu ya kifungu kwa maneno yasiyozidi 30. (alama 6)

DOKEZO
Swali la 3 huwakwaza wengi: huandika kwamba nchi haina chochote. Rudi katika kifungu. Nchi ina madini na hisa. Mvumbuzi ana mbinu, lakini kwa muda tu. Taja pande zote mbili ndipo upate alama zote.