Nyumburu si Nyumbu: Kituo cha Weusi Chuoni na Namna ya Kukitumia

Chuo Kikuu cha Maryland, kilichoko College Park, mwendo mfupi kutoka Washington, kina jengo linaloitwa Nyumburu. Mswahili akilisoma bango lake mara ya kwanza anamfikiria nyumbu, yule wa Serengeti, aliyeandikwa na mtu asiyejua tahajia. Kamusi haitamsaidia. Waliokianzisha kituo hicho cha utamaduni wa Weusi mwaka 1971 walichukua neno nyumba, wakachukua neno uhuru, wakayafinyanga kuwa moja: nyumba ya uhuru. Sarufi yetu iliminywa kidogo, lakini nia inaeleweka.

Majina ya aina hiyo si machache huko. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina kituo kiitwacho Makuu. Brown wana bweni la Harambee, Cornell wana bweni la Ujamaa tangu 1972, na Harvard wana kwaya ya Kuumba iliyoanza 1970. Wengi wa waliochagua majina hayo, mababu zao walitoka Afrika Magharibi, si pwani yetu. Walikipenda Kiswahili kwa kuwa hakikuwa mali ya kabila moja, na kwa kuwa Tanzania ya Mwalimu Nyerere, ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa inatazamwa sana na vijana Weusi wa Marekani wakati huo. Hata Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, siku zake saba zote zina majina ya Kiswahili. Ukisikia mtu anakosea kuyatamka majina hayo, usicheke. Aliazima kwa heshima.

Nimeanza na majina kwa sababu moja. Kijana wetu anayekwenda kusoma Marekani hupita mbele ya mlango wenye neno la kwao, kisha akaendelea na safari yake akidhani ndani ni kwa Wamarekani tu. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi mitatu katika chuo nilichosoma. Siku nilipoingia, ilikuwa kwa ajili ya kukwepa mvua. Nilimkuta dada mmoja anasukwa, upande mmoja wa kichwa umekwisha na mwingine umefumuliwa, daftari la hesabu liko mapajani, naye anamweleza msusi wake swali la tatu la zoezi ambalo mimi nilikuwa nimekwama nalo tangu Jumatatu. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Niliulizwa kama nimekula.

Vituo hivi havikuletwa na ukarimu wa wakuu wa vyuo. Maryland yenyewe ilimpokea Mweusi wa kwanza wa shahada ya kwanza, Hiram Whittle, mwaka 1951 tu, na Parren Mitchell, aliyekuja kuwa mbunge, ilibidi aende mahakamani ndipo asome shahada ya uzamili pale College Park. Walioingia baadaye walijikuta wachache sana: darasani peke yako, bwenini peke yako, na mji unaozunguka chuo haukupangishii chumba. Mwezi Mei 1968, zaidi ya wanafunzi 100 wa Northwestern, karibu na Chicago, waliikalia ofisi ya mhasibu wa chuo kwa saa 38. Miongoni mwa waliyoyadai ni nyumba yao wenyewe ya kukutania, na waliipata. Aprili 1969 wanafunzi wa Cornell wakaliteka jengo la Willard Straight. Mwaka huohuo wa 1969, Yale, Purdue na Illinois zote zilifungua vituo. Kwa hiyo ukikaa kwenye kochi lililochakaa la kituo kama hicho, ujue kuna mtu alilala sakafuni ili liwepo.

Sasa, ndani kuna nini? Inategemea chuo, lakini kwa kawaida utakuta sebule kubwa, chumba cha kusomea chenye kompyuta, maktaba ndogo ya vitabu vya historia na fasihi ya Waafrika na wenzao wa ughaibuni, na jiko au angalau maikrowevu. Kuna mkurugenzi ambaye ni mwajiriwa wa chuo, na kuna wanafunzi wanaofanya kazi mezani. Kuna ratiba ya mihadhara, mazoezi ya kwaya na jioni za mashairi. Lililo muhimu kuliko yote halionekani kwenye ratiba: ni watu wanaojua njia za chuo. Nani anafundisha takwimu kwa namna inayoeleweka. Ofisi ipi inasamehe faini ya kuchelewa kujisajili. Wapi mjini kuna kinyozi anayezijua nywele za kipilipili, maana kinyozi wa jirani na chuo anaweza kukutoa na jogoo kichwani. Wapi kuna unga wa ugali, au kitu kinachokaribia.

Nenda wiki ya kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tumelelewa kutokwenda mahali mpaka tuwe na shida, na shida ikifika inakuta hakuna anayekujua. Miadi haihitajiki. Ingia, jitambulishe mezani, taja jina lako na unachosoma, andika barua pepe yako kwenye orodha yao. Uliza mambo mawili: kama wana mpango wa kumpa mwanafunzi mpya mlezi wa mwaka wa juu, na lini kuna hafla ya kuwakaribisha wapya. Mlezi huyo ndiye atakayekuambia kwamba kule Marekani kwenda ofisini kwa mwalimu kuuliza swali si utovu wa adabu. Saa za mwalimu za kupokea wanafunzi zimeandikwa kwenye mpango wa somo kwa ajili hiyo, na asiyekwenda ndiye anayeonekana hajali.

Yapo ambayo kituo hakiwezi. Mambo ya viza, fomu ya I-20 ambayo chuo hukupa ili uombe viza, na kibali cha kazi ni ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, basi. Rafiki mwenye uraia, hata awe na moyo mwema kiasi gani, hajui sheria zinazokuhusu, na ushauri wake unaweza kukurudisha nyumbani kabla ya wakati. Mikopo ya serikali ya shirikisho haimhusu mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kwa hiyo ukisikia wenzako wanaizungumzia usijilaumu kwamba umechelewa kuomba. Baadhi ya vyuo vina mfuko mdogo wa dharura ambao hauulizi uraia. Hapo mkurugenzi wa kituo ndiye wa kumuuliza, na muulize kabla hujafukuzwa chumbani.

Kazi ndiyo habari njema. Mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi ya kukaa mezani kituoni ni miongoni mwa zile ambazo msimamizi hakukasirikii ukifungua kitabu. Pitia kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wakupe maelekezo ya kupata namba ya hifadhi ya jamii.

Lingine ni afya ya akili, ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona. Baridi inaingia, jua linazama saa kumi na nusu jioni, alama za mtihani wa kwanza ni mbaya, na simu ya nyumbani inauliza mbona umenyamaza. Vyuo vingi humleta mshauri nasaha akae kituoni saa chache kila wiki, ili mtu azungumze naye bila kupanda ngazi za hospitali ya chuo. Mazungumzo hayo ni siri. Hayaendi kwa mzazi wala kwa mwalimu, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini.

Nizungumzie jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Ulipotoka Kisumu ulikuwa Mluo. Ulipotoka Moshi ulikuwa Mchaga. Ukishuka uwanja wa ndege wa Dulles unakuwa Mweusi, na hakuna aliyekuuliza. Wapo Waafrika wanaolikataa jina hilo, wakikimbilia chama cha wanafunzi wa Kiafrika peke yake na kusema wale Wamarekani wana mambo yao. Wapo pia Wamarekani Weusi waliochoka kuambiwa na Mwafrika kwamba wao ni wavivu. Maneno hayo tumeyapata kwenye filamu, na yanatukana watu ambao kesi zao na migomo yao ndiyo iliyotufungulia mlango. Kaa kituoni mwezi mmoja, usikilize zaidi ya kuzungumza. Chama cha Waafrika na cha Wamarekani Weusi vinaweza kukaa kwenye ratiba moja, na wali wa nazi huondoa mengi.

Kabla ya kuchagua chuo, chunguza kama kituo bado kipo. Majimbo kadhaa yamepitisha sheria zinazozuia vyuo vya umma kuendesha ofisi za namna hii. Ya Texas ilianza kutumika Januari 1, 2024. Ya Utah ilianza Julai 1 mwaka huohuo, na Chuo Kikuu cha Utah kikafunga kituo chake cha utamaduni wa Weusi. Kwingine kituo kimebaki lakini kimebadilishwa jina, kwa hiyo tovuti ya mwaka juzi isikuhadae. Mwandikie mwanafunzi aliyeko huko umuulize nani anakaa pale jioni. Vituo viko wazi kwa kila mwanafunzi, wa rangi yoyote, hivyo hakuna haja ya kuingia kwa kunyata.

Mwisho wa safari ni mahafali, nayo yanataka maandalizi ya mapema. Mbali na sherehe kubwa ya chuo, vituo vingi hufanya yao, ndogo, ambapo kila mhitimu huvishwa mtandio wa kente na mtu anayemchagua mwenyewe. Jisajili mwanzoni mwa muhula wa mwisho, kwa kuwa mitandio huagizwa kwa idadi. Kama mama yako anatoka Dodoma, aanze kutafuta miadi ya viza ubalozini miezi mingi kabla. Akinyimwa, utatakiwa kuandika jina la mtu mwingine kwenye fomu. Mimi niliandika jina la mama wa mezani, yule aliyeniuliza kama nimekula.