Safari ya Pakiti: Jinsi Ujumbe Wako Unavyopata Njia Kutoka Karagwe na Kyerwa

Mtumiaji wa simu aliyeko Kayanga, Nkwenda au Murongo ana haki ya kuuliza maswali matatu. Kwa nini picha ifunguke nusu, na nusu nyingine ichelewe? Kwa nini waya uliokatika chini ya bahari, huko Afrika Kusini, umkoseshe mtandao mkulima wa kahawa wa Kyerwa? Na pesa iliyotumwa kwa programu ya simu, kisha skrini ikaganda, imekwenda au haijakwenda? Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini chimbuko lake ni moja: namna data inavyokatwa vipande na kutafutiwa njia. Swali la pesa tumeliweka karibu na mwisho, maana halieleweki vema kabla ya mengine. Aliye na muamala ulioganda sasa hivi aanzie huko, kisha arejee hapa akiwa ametulia.

Waya mmoja kwa watu wawili

Katika simu ya mezani ya zamani, opereta aliunganisha waya wa mpigaji na waya wa mpigiwa. Tangu hapo njia yote kati yao ilikuwa mali yao mpaka wakate simu, hata wakinyamaza. Kwa mazungumzo ya watu utaratibu huo ulifaa. Kwa kompyuta haukufaa, kwa kuwa kompyuta husema kwa mfululizo mfupi, hunyamaza, kisha husema tena. Kuishikia njia nzima wakati wote ni sawa na kuifunga barabara ya Kyaka hadi Bugene kwa ajili ya pikipiki moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paul Baran wa Marekani alipendekeza ujumbe ukatwe vipande, kila kipande kipite njia iliyo wazi, ili mtandao usife hata sehemu yake ikiharibiwa. Mwaka 1965 Donald Davies, mwanasayansi wa Uingereza, aliyefikia wazo hilo bila kumtegemea Baran, akakiita kipande hicho pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulisafiri kati ya kompyuta mbili za Kalifonia kwa utaratibu huo. Herufi mbili tu zilifika kabla mtambo wa upande wa pili haujazima. Mwenye mtandao hafifu leo ajue kwamba hata waanzilishi yaliwakuta.

Tunatumia neno pakiti kwa makusudi, wala si kifurushi, kwa sababu kifurushi kwetu kimekwisha kuwa bando linalonunuliwa kwa siku, wiki au mwezi. Bando moja hubeba pakiti nyingi mno.

Magunia ya maharage

Chukulia mfanyabiashara wa Omurushaka anayepeleka magunia 200 ya maharage Mwanza, naye hana lori moja la kuyabeba yote. Anaandika juu ya kila gunia jina lake, jina la mpokeaji na namba: 1, 2, 3, mpaka 200. Kila gari lenye nafasi linachukua machache. Mengine yanapita Kyaka na Bukoba, mengine yanashika njia ya kusini kupitia Benaco na Biharamulo. Gunia la 57 linaweza kufika kabla ya gunia la 12. Mpokeaji hajali, anayapanga kwa namba, na akiona la 91 halipo anapiga simu litumwe jingine la namba hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa picha unayotuma. Pakiti moja kwa kawaida haizidi baiti 1,500, hivyo picha ya kilobaiti 300 hukatwa vipande visivyopungua 200. Kila kipande hubeba anwani ya atokako, anwani ya aendako na namba ya mfuatano. Simu ya mpokeaji hutoa taarifa ya vilivyofika, na kisichofika hutumwa upya. Picha iliyofunguka nusu inangoja pakiti chache zilizopotea njiani au zilizokwama kwenye foleni.

Mfano wa magunia una kasoro moja. Gunia likipotea, maharage yamepotea. Pakiti ikipotea, aliyetuma bado anayo nakala, hutuma tena. Hili linaugusa mfuko wako. Matumizi ya bando huhesabiwa kwenye lango la mtoa huduma, hayahesabiwi na simu yako. Pakiti iliyopita langoni, ikapotea kabla ya kukufikia, kisha ikatumwa tena, huweza kuhesabiwa mara zote mbili. Ndiyo maana hesabu inayoonyeshwa na simu hutofautiana kidogo na ile ya kampuni, hasa mahali penye mawimbi dhaifu. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Tofauti kubwa inayojirudia ni jambo la kuuliza.

Swichi na ruta

Vifaa viwili ndivyo vinavyofanya kazi ya kuelekeza. Swichi hufanya kazi ndani ya eneo moja, tuseme ofisi au chumba cha kompyuta cha shule. Hutazama kila pakiti imetoka kwenye tundu lipi, ikakumbuka kwamba kompyuta fulani iko tundu la 4 na nyingine tundu la 7, basi ujumbe wa mmoja hauwasumbui wote. Ruta ndiyo iliyo njia panda kati ya mtandao mmoja na mwingine. Hupokea pakiti, husoma anwani ya iendako, hutazama jedwali lake, na kuisukuma kwenye kituo kinachofuata.

Ruta haijui njia yote. Aliyesimama njia panda ya Omurushaka hana haja ya kujua mitaa ya Dar es Salaam. Yatosha ajue kwamba mzigo wa Dar es Salaam unatoka upande huu, na wa Nkwenda upande ule. Wala jedwali la ruta halina orodha ya kila simu duniani. Lina makundi ya anwani, kama ilivyo postikodi yetu ya tarakimu 5: tarakimu mbili za mwanzo, 35, zatosha kumwambia mtu wa posta kwamba barua ni ya Mkoa wa Kagera, tarakimu zinazobaki humhusu aliyeko karibu zaidi. Ruta ikiwa na maelekezo mawili yanayofaa, hufuata lile lililo mahususi zaidi.

Maelekezo hayo hutoka kwa ruta jirani, ambazo hutangaziana: kwangu mnaweza kupita kwenda mahali fulani. Njia ikikatika tangazo huondolewa, na jirani hutafuta njia nyingine bila kungoja amri ya mtu. Utaratibu huu hutegemea kuaminiana, na kuaminiana kuna hatari zake. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilikusudia kuifunga YouTube ndani ya nchi hiyo. Tangazo lake likavuja nje, na kwa muda wa saa mbili hivi pakiti za YouTube kutoka sehemu nyingi za dunia zikavutwa kuelekea Pakistan na kuishia huko.

Ikitokea ruta mbili zikarudishiana pakiti, hii ikiitupia ile na ile ikiirejesha, pakiti haizunguki milele. Kila moja huanza safari na namba, mara nyingi 64 kwa simu nyingi, na kila ruta hupunguza moja. Ikifika sifuri pakiti hutupwa.

Njia mbili mijini, njia moja kijijini

Pakiti inayotoka Kayanga hupanda mnara, na mara nyingi huruka kwa mawimbi kutoka mnara wa kilima hiki hadi wa kilima kile kabla haijaufikia mkongo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umepangwa kwa mizunguko, ili ukikatika upande mmoja data igeuke na kupita upande wa pili. Unafika pia mipakani, ikiwemo Mutukula kwa upande wa Uganda na Rusumo kwa upande wa Rwanda. Ndani ya mkongo mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali wa Karagwe hadi Dar es Salaam si kitu. Ucheleweshaji unaouona hutoka kwenye foleni na mawimbi.

Udhaifu uko kwenye kipande cha mwisho. Minara ikishikana mkono kama mnyororo, mmoja ukikosa umeme, yote iliyo nyuma yake huweza kunyamaza pamoja nao. Ruta haina uchawi: pasipo njia ya pili hakuna pa kugeuzia. Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa hili. Daraja la Kyaka lilipobomolewa vitani Novemba 1978, hapakuwa na daraja jingine jirani la kuvukia kwenda Mutukula.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nchi nzima ilipata somo hilo kwa kipimo kikubwa. Nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Data iliyozoea kupita humo ilisukumwa kwenye njia zilizobaki, nazo hazikuwa na upana wa kuibeba yote. Pakiti zikapanga foleni, foleni zikajaa, zilizozidi zikatupwa na kutumwa tena, jambo ambalo huongeza msongamano uleule. Huduma zilirejea kwa hatua, kadiri data ilivyoelekezwa kwingine na nyaya zilivyotengenezwa.

Siku kama hiyo si kila kitu huhitaji bahari. Simu ya sauti kutoka Nkwenda kwenda Bukoba haivuki bahari. Ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za hapa nchini nao hauna sababu ya kwenda Ulaya, mradi kampuni hizo zinabadilishana data hapahapa; kwa kazi hiyo kituo cha kubadilishana data kimekuwepo Dar es Salaam tangu 2004. Lakini programu ambayo seva zake ziko ng'ambo huenda ng'ambo, hata kama unayemwandikia amekaa chumba cha pili.

Mnara wa ng'ambo ya mto

Wakazi wa Murongo na vijiji vinavyopakana na Mto Kagera wana jambo lao. Mawimbi hayaujui mpaka. Simu inaweza kushika mnara wa upande wa Kikagati, Uganda, au wa Rwanda, bila mwenyewe kuvuka mto. Hapo simu yako huhesabiwa kuwa ugenini, na kwa kawaida pakiti zake huingia mtandao wa jirani, hurudishwa kwa mtoa huduma wako wa Tanzania, ndipo zitoke kwenda intaneti. Safari imerefuka, na bei imebadilika: bando la kawaida huenda lisitumike, ukatozwa viwango vya romingi. Tazama jina la mtandao lililoandikwa juu ya skrini. Likiwa geni, ingia kwenye mipangilio ya simu, zima matumizi ya data ya ugenini, kisha chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

Pesa iliyoganda

Tumesema mpokeaji hutoa taarifa ya kilichofika. Sasa fikiria mzazi aliyeko Isingiro anayemtumia mwanawe shilingi 80,000 kwa programu ya simu. Pakiti za maombi zimefika kwenye seva, pesa imekatwa na kupelekwa. Jibu linaporudi, mnara unapoteza mawimbi. Simu ya mzazi haioni kitu, skrini inazunguka, kisha inaandika kwamba imeshindikana.

Upande wa mzazi, hali mbili tofauti kabisa zinafanana: maombi hayakufika, au maombi yalifika na jibu likapotea. Hakuna ufundi wa ruta unaoweza kumwambia ni ipi. Akibonyeza tena kwa haraka, seva huweza kuyaona kuwa maombi mapya, na zikaenda shilingi 160,000. Mifumo mingi huweka kinga dhidi ya marudio, lakini si busara kuijaribu kinga kwa fedha yako.

Basi, kabla ya kurudia, tazama salio na taarifa ya miamala ya mwisho. Kama intaneti imekufa, tumia menyu ya nyota na reli: hiyo haipiti njia ya pakiti za intaneti, hupita kwenye njia ya mnara inayotumika kupanga simu, kwa hiyo hufanya kazi hata bila bando. Usimpigie mtu asiyejulikana anayejitolea kukurudishia muamala, wala usimpe yeyote namba yako ya siri.

Ikiwa salio limepungua na mpokeaji hajapata, peleka lalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako, udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, lilete kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo. Andika tarehe na saa, mahali ulipokuwa, jina la mtandao lililoonekana juu ya skrini, kama ulitumia programu au menyu, na kama simu za sauti zilikuwa zikipatikana wakati huo. Maelezo hayo humwezesha fundi kujua kama pakiti zilikwama kwenye mnara wa kijijini kwako, kwenye mkongo, au kwenye seva yenyewe.