SOMO LA GARI YA SHAMBA: Namna ya Kuipima Pikapu Kabla ya Kuinunua



Kila msimu wa karafuu unapokuwa mzuri, swali moja huzuka barazani: "Je, safari hii si wakati wa kununua gari?" Na mwenye kuuliza hana maana ya gari ndogo ya kwendea mjini. Ana maana ya pikapu, tena ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, ipate kupanda vilima vyetu vya udongo mwekundu na kuvuka mabonde ya mpunga wakati wa mvua. Swali hili ni la haki. Lakini jawabu lake halipatikani kwa kuitazama rangi ya gari, wala kwa kusikiliza maneno ya dalali. Lapatikana kwa kupima, kama tunavyozipima karafuu zetu: kwa mizani, si kwa macho.

Gari za namna hii si ngeni. Land Rover ilitoka Uingereza mwaka 1948, nayo tangu mwanzo ilikusudiwa wakulima. Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968, na ile inayovuta kwa manne ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Somo hili halimchagulii mtu jina la gari. Lataka kumfundisha namna ya kupima, ili aweze kuchagua mwenyewe. Tutaigawa kazi katika mafungu matano: mzigo, watu, njia, hali ya gari yenyewe, na fedha.

1. MZIGO

Kila gari ina uzito wa namna mbili ambao yatupasa kuujua. Wa kwanza ni uzito wa gari tupu. Wa pili ni uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa na mtengenezaji, gari ikiwa na kila kitu ndani yake: mafuta, dereva, abiria na mizigo. Aghalabu uzito huo huandikwa katika kibati kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti, na pengine katika kadi ya gari. Toa ule wa kwanza katika ule wa pili. Kinachobaki ndicho unachoweza kuchukua.

Natuchukue mfano. Pikapu ya milango minne ina uzito wa kilo 2,000 ikiwa tupu, na uzito wake wa juu kabisa ni kilo 2,900. Tofauti ni kilo 900. Wengi wetu husimama hapo hapo wakasema, "Hii yachukua magunia 18 ya kilo 50." Hesabu hiyo haikutimia. Watie ndani watu watano wa kilo 70 kila mmoja: hao ni kilo 350. Zimebaki kilo 550, yaani magunia 11. Ukiongeza pipa la maji la lita 200, maji peke yake ni kilo 200, bila ya kulihesabu pipa. Sasa yamebaki magunia 7, nawe ulidhani unachukua 18!

Kumbuka tena kuwa karafuu mbichi si kama kavu. Kiasi cha kilo tatu mbichi hukauka zikawa kilo moja. Kwa hiyo asiyekuwa na sakafu wala majamvi shambani, akawa hana budi kuzichukua mbichi mpaka nyumbani, gari yake itafanya kazi mara tatu ya yule anayeanika huko huko.

Jambo jingine ni mahali pa kuuweka mzigo. Pikapu ya milango minne ina bodi fupi nyuma, na sehemu kubwa ya bodi hiyo imepita ekseli ya nyuma. Mzigo mzito ukilundikwa mwishoni, mbele huwa pepesi na usukani hautii sawasawa, khasa gari inapopanda kilima. Weka vizito karibu na chumba cha dereva, na vyepesi nyuma. Pikapu ya milango miwili ina bodi ndefu na huchukua zaidi, lakini haina viti vya jamaa. Hapo ndipo mtu hulazimika kuchagua.

2. WATU

Mimi niandikaye somo hili, nilipokuwa kijana, nilirudi siku moja kutoka shambani juu ya magunia ya karafuu mbichi. Tulikuwa wachumaji tisa nyuma, na mvua ya vuli ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Dereva alikuwa mzoefu, na gari ilikuwa ikivuta kwa manne. Tulipokuwa tukiteremka, gari ikaanza kuserereka polepole, bila ya kelele, ikaenda upande mpaka ikaegemea mnazi. Hakufa mtu. Lakini mwenzetu mmoja aliyekaa ukingoni alibanwa mguu baina ya bodi na mnazi. Tangu siku hiyo hakupanda mkarafuu tena, na kupanda mkarafuu ndiko kulikokuwa riziki yake.

Baadaye niliifanya hesabu. Watu tisa nyuma, na dereva na wawili mbele, ni watu kumi na wawili. Kwa kilo 60 kila mmoja ni kilo 720, kabla ya kuhesabu gunia hata moja. Hakuna aliyepima siku ile, kwa sababu mtu akipanda gari hatumwoni kuwa ni uzito. Tena mtu aliyekaa juu ya magunia huuinua uzito wa gari juu, na gari ambayo uzito wake uko juu ni nyepesi kupinduka.

Basi kanuni ni hii: watu wahesabiwe kwa viti na mikanda, si kwa nafasi iliyobaki. Viti vitano, watu watano. Wachumaji wakiwa kumi, gari iende safari mbili, au magunia yabaki mpaka safari ya pili.

Ama kwa matumizi ya nyumbani, usiende kuitazama gari peke yako. Mchukue mama, au bibi kizee wa nyumbani, ajaribu kupanda kiti cha nyuma. Gari hizi zimeinuka sana, na asiyeweza kuipanda mchana akiwa mzima hataiweza usiku akiwa mgonjwa. Jaribu kama mama mja mzito aweza kuegemea hapo, na msaidizi akakaa kando yake. Watie watoto, ufunge mikanda yote mmoja mmoja uone kama inashika. Gari ya kazi hutumika kwa karafuu miezi michache. Kwa skuli, harusi, maziko na hospitali hutumika mwaka mzima.

3. NJIA

Katika pikapu nyingi za namna hii, siku zote injini huzungusha magurudumu mawili ya nyuma tu. Dereva akivuta gia ndogo iliyo kando ya ile kubwa, au akizungusha kitufe katika gari za siku hizi, nguvu hugawanywa na magurudumu ya mbele nayo yakavuta. Zaidi ya hapo iko gia ya chini, ambayo hupunguza mwendo na kuzidisha nguvu kiasi cha mara mbili na nusu. Gia hiyo ina faida kubwa katika vilima vyetu, tena katika kuteremka zaidi kuliko kupanda. Ukifika juu ya mteremko wa matope, simama kwanza. Tia gia ya chini na namba moja, ondoa mguu katika klachi, na iache injini yenyewe iizuie gari. Ukizikanyaga breki kwa nguvu magurudumu hufunga, na gurudumu lililofunga haliongozeki.

Makosa matatu huwapata wenye gari hizi.

La kwanza ni kudhani kuwa gari inayovuta kwa manne husimama upesi kuliko nyingine. Sivyo. Kila gari ina breki katika magurudumu yote manne. Kuvuta kwa manne kwakusaidia kuondoka, hakukusaidii kusimama. Na mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huzidi kiasi cha mara nne.

La pili ni kuvuta kwa manne juu ya lami kavu. Gari inapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha. Kwenye lami kavu haitelezi, na maumivu huyapata meno ya gia. Isipokuwa gari iliyotengenezwa kuvuta kwa manne wakati wote, ukifika lami rudi kwenye magurudumu mawili.

La tatu ni kusahau tairi. Tairi zilizolika hufanya nguvu yote ya injini kuwa bure. Tazama pia umri wake: ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne zilizo pamoja. Zikiwa 2319, maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka mingi hukauka na kupasuka hata kama meno yake bado ni marefu.

4. HALI YA GARI

Gari nyingi tunazonunua zimekwisha kutumika, na nyingi katika hizo zatoka Japani. Katika sehemu za kaskazini za nchi ile, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kwa chini. Gari ikija kwetu hukutana na upepo wa bahari, nao huendeleza kazi hiyo. Kwa hiyo usianze na juu. Anza na chini. Lala chini ya gari na kinyundo kidogo, ugongegonge vyuma virefu vinavyobeba gari yote. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya mfu, au humeguka. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini isikufurahishe mpaka umeuliza inaficha nini.

Nenda asubuhi mapema, kabla injini haijawashwa, ukaiguse boneti. Ikiwa moto, uliza kwa nini. Iwashe, utazame moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili. Moshi mweusi mwingi maana yake mafuta hayaungui sawasawa. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto huweza kuwa maji yanaingia ndani. Mwambie fundi afungue kizibo cha difu: oili ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji, na huenda gari hiyo imevushwa mahali palipoizidi kimo.

Kisha ijaribu kazi yenyewe. Mwenye kuuza atakupeleka barabara kuu. Wewe mwombe mkaende kwenye majani mabichi au njia ya udongo. Tia gia ya kuvuta kwa manne, kisha ile ya chini, uende mbele na nyuma. Gia ambayo haikutumiwa miaka mingi huweza kukwama, nawe hutaki kuligundua hilo usiku wa mvua na mgonjwa kitini.

Mwisho, uliza kama vipuri vyake vyapatikana kisiwani, na kama yuko fundi aijuaye. Gari nzuri ambayo kipuri chake lazima kisubiri meli ni gari ya kulala uwanjani katikati ya mavuno.

5. FEDHA

Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, yamkini mwaka ujao utapumzika. Lakini deni halipumziki. Wazee wetu walilijua hili kwa machungu: katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya karafuu yalikuwa rehani, hata ikabidi zitungwe sheria za kuyaokoa. Mtu anayenunua gari kwa kutegemea karafuu ambazo hazijachipua anatembea katika njia ile ile. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Chukua daftari, uandike miezi kumi na miwili. Katika kila mwezi andika safari za kazi na safari za nyumbani, na chini yake gharama za mafuta, tairi, bima, leseni na fundi. Kisha andika ungelipa kiasi gani kwa kukodi gari kwa safari zile zile. Kama kukodi ni rahisi, kodi, na fedha iliyobaki panda miche. Majirani watatu au wanne waweza pia kununua gari moja kwa shirika, lakini waandikiane mapema nani aitumie siku gani na nani alipe ikiharibika. Mali bila daftari huisha bila habari.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari tupu ni kilo 1,900 na uzito wake wa juu kabisa ni kilo 2,800. Ina watu wanne wa kilo 70 kila mmoja. Yachukua magunia mangapi ya kilo 50?
2. Kwa nini magunia mazito yawekwe karibu na chumba cha dereva?
3. Umesimama juu ya mteremko wa matope. Wafanya nini kwanza?
4. Tairi imeandikwa 4016. Ina umri gani leo?
5. Msimu ujao karafuu zikikosa, nani atalipa gari yako?

Jawabu la swali la kwanza ni magunia 12, na zinabaki kilo 20. Ukisema 18, soma tena fungu la kwanza. Swali la tano hatuwezi kukujibia. Lizungumze na watu wa nyumbani kwako kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.