SULHU KWA KIJANA ALIYEKOSA

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.):

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba kijana akiiba, watu hukimbilia moja katika mambo mawili: ama kumpiga hata akaribie kufa, ama kumtia mikononi mwa polisi na kumsahau huko. Katika yote mawili mwenye mali hapati mali yake, wala kijana hapati adabu. Sharia imeweka njia ya tatu, nayo ni sulhu.

Imepokewa ya kwamba Safwan bin Umayya (r.a.) alilala msikitini, akaibiwa nguo yake. Mwizi akakamatwa, akapelekwa kwa Mtume (s.a.w.). Ilipoamriwa akatwe mkono, Safwan akamwonea huruma, akataka kumsamehe. Mtume akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake. Basi kusameheana kabla ya jambo kufika kwa hakimu ni mlango uliofunguliwa.

Walakini sulhu si kusema tu kwamba yamekwisha. Ina mambo matatu.

La kwanza ni kukiri. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, sulhu juu ya kukanusha haisihi. Na kukiri kwa kupigwa si kukiri. Ama asiyebaleghe, kukiri kwake peke yake hakumlazimishi mali; hutakikana mashahidi.

La pili ni dhamana. Mtoto ameondolewa kalamu ya dhambi, hakuondolewa haki za watu. Alichokiharibu hulipwa katika mali yake, na asipokuwa nayo ni deni juu yake. Baba akimlipia, amefanya wema.

La tatu ni ridhaa ya aliyedhulumiwa. Wazee wasimlazimishe kwa haya wala kwa ujamaa.

Mfano wake ni kijana wa miaka 16 aliyeiba jarife la mvuvi akaliuza. Jela haimrudishii mvuvi jarife lake. Lakini kijana akiketishwa mbele ya mvuvi, pamoja na baba yake na wazee, akasikia ni siku ngapi nyumba ile imekosa kitoweo, kisha akaandikiwa kulipa kwa jasho lake, atajua alilolitenda, na mvuvi atarudi baharini.

Serikali nazo zimeiona njia hii. New Zealand iliweka vikao vya jamaa kwa vijana katika sheria ya mwaka 1989. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai, na aliye chini ya 18 akikubali kosa lake aweza kuepushwa na mashtaka kwa kuomba radhi na kulipa fidia. Basi jambo likiwa limekwisha kufika polisi, wazee wasilifiche; waombe njia hiyo.

Na hapa pana hadhari kubwa. Sulhu yenye kuhalalisha haramu ni batili. Mtoto aliyeingiliwa kwa nguvu, haki yake haiuzwi barazani kwa fedha apewazo baba yake. Mzee afanyaye hivyo hakusuluhisha; ameshiriki katika dhuluma, naye ataulizwa Siku ya Kiyama.

Basi kijana wa mtaa akikosa, na aulizwe kwanza mwenye kudhulumiwa: amepoteza nini, na nini kitamrudishia haki yake? Hapo ndipo sulhu huanza.

Wallahu aalam.